Red Cloud: Aliyeshinda Vita, Akalaumiwa kwa Amani

Crazy Horse, Sitting Bull na Red Cloud hutajwa pamoja kila inapozungumzwa historia ya Walakota, wenyeji asilia wa nyika za Marekani, wa karne ya 19, lakini hawapewi heshima sawa. Crazy Horse aliuawa mikononi mwa askari mwaka 1877 akiwa hajatimiza miaka 40. Sitting Bull aliuawa mlangoni kwake mwaka 1890. Red Cloud alikufa kwa uzee tarehe 10 Desemba 1909, miaka themanini na ushei, huko Pine Ridge, makazi ya watu wake katika South Dakota ya leo, alikojengewa nyumba ya ghorofa na serikali. Alipigwa picha nyingi, alibatizwa Mkatoliki, alisafiri kwenda Washington tena na tena. Basi watu wengi wamemhukumu kwa sentensi moja: alipigana miaka miwili, akashinda, kisha akaweka silaha chini na kula posho ya adui miaka 40.

Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, na sehemu yake moja ni nzito sana. Lakini imeiruka kazi ya miaka hiyo 40 kana kwamba ilikuwa usingizi. Kazi hiyo ilikuwa ya kuhesabu sahihi, kupima nyama na kukataa kuhamishwa, na ndani yake kuna kifungu kimoja cha mkataba ambacho hata leo ndicho kinachoifanya milima ya Black Hills kuwa deni lisilolipika.

Vita vyenyewe, vya 1866 hadi 1868, vilihusu barabara. Dhahabu ilikuwa imepatikana Montana, na njia ya mkato iitwayo Bozeman ilipita katikati ya bonde la mto Powder, ambako nyati wa nyika za kaskazini walikuwa bado wengi. Juni 1866, wajumbe wa serikali walipokuwa Fort Laramie wakiomba ruhusa ya kupita, Kanali Henry Carrington aliwasili na kikosi chake akiwa na amri ya kujenga ngome kwenye njia hiyohiyo. Red Cloud aliondoka kikaoni. Ngome tatu zilisimama: Reno, Phil Kearny na C. F. Smith.

Ngome ya aina ile ilikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kuni. Phil Kearny ilijengwa kwa magogo na kuota moto wa magogo, lakini msonobari wake ulikuwa umbali wa kilomita nane hivi. Kila siku msafara wa mikokoteni ulilazimika kutoka na kurudi. Walakota, pamoja na Wacheyenne na Waarapaho, hawakuhangaika na kuta, walishambulia mikokoteni. Tarehe 21 Desemba 1866 walifanya hivyo tena, Kapteni William Fetterman akatumwa kuunusuru msafara, na wapanda farasi wachache wakamchokoza na kumvuta hadi nyuma ya kilima cha Lodge Trail. Watu 81 walitoka, hakurudi hata mmoja. Agosti 1867 mambo yalibadilika: askari walikuwa wamepata bunduki mpya za kujazwa risasi kwa nyuma, na ule mwanya wa sekunde kadhaa baada ya kila mfyatuo, ambao washambuliaji walikuwa wakiutegemea, ukatoweka. Hasara ya siku hizo mbili, kwenye shamba la majani karibu na C. F. Smith na kwenye mikokoteni karibu na Phil Kearny, iliwafunza Walakota kwamba vita vya kuvamia vina kikomo. Hata hivyo barabara ilikuwa imekufa. Wachimba dhahabu hawakupita tena.

Wanaompunguzia Red Cloud ushindi huo wana hoja nzuri. Reli ya Union Pacific ilikuwa ikisonga magharibi kwa kasi, na ilipofika Utah mwaka 1869 Montana ilifikika kwa njia nyingine. Serikali, wanasema, iliachia barabara ambayo thamani yake ilikuwa inakwisha. Ni kweli. Lakini reli haielezi mpangilio wa mambo ya mwaka 1868. Mkataba uliwekwa mezani tarehe 29 Aprili, wakuu wengine wakaja mmoja mmoja, zawadi zikagawiwa. Red Cloud alituma ujumbe kwamba atakuja ngome zikiondoka. C. F. Smith iliachwa mwishoni mwa Julai, Phil Kearny ikafuata na kuchomwa moto. Hata hapo hakukimbilia kalamu. Alikwenda kwanza kuwinda nyama ya msimu wa baridi, akatia sahihi tarehe 6 Novemba. Wakuu wa mataifa ya asili waliokuwa wamepewa ahadi na Marekani kabla yake walikuwa wengi. Yeye alidai utekelezaji kwanza, karatasi baadaye, na akapata.

Sasa karatasi yenyewe. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 una vifungu 17, na wengi hukumbuka cha 2, kilichotenga karibu nusu yote ya magharibi ya South Dakota ya leo, Black Hills zikiwamo, kwa matumizi ya Walakota na jamaa zao peke yao. Kifungu cha 16 kiliiacha nchi ya mto Powder kuwa ardhi isiyouzwa, ambayo mzungu hatakaa bila ruhusa. Lakini kifungu cha kutazamwa kwa makini ni cha 12. Kinasema kwamba hakuna makubaliano ya kutoa sehemu yoyote ya eneo lililotengwa yatakayokuwa na nguvu mpaka yatiwe sahihi na walau robo tatu ya wanaume wote wazima wakazi wa humo au wenye haki humo.

Uzito wa robo tatu unaonekana ukijua jinsi ardhi ilivyokuwa ikichukuliwa kabla yake. Tume ilikuwa ikifika, ikichagua wakuu wanaokubali, au ikimtawaza mmoja kuwa mkuu wa wote, ikagawa mablanketi, na mkuu akagusa kalamu huku karani akimchorea msalaba kando ya jina lake. Sahihi tano au kumi zilitosha kuhamisha nchi. Kifungu cha 12 kiliondoa uwezo huo mikononi mwa mkuu yeyote, akiwamo Red Cloud. Kuanzia hapo, kununua Black Hills kulihitaji kwenda kambi kwa kambi na kumshawishi mwanamume mmoja baada ya mwingine, maelfu yao. Kwa hiyo anayesema Red Cloud aliiuza Black Hills anamsingizia uwezo ambao mkataba ulikuwa umemnyima.

Hapa haki inataka niseme pia kwamba kifungu hicho hakukitunga yeye. Wajumbe wa serikali walikuja nacho; hesabu hiyohiyo ya robo tatu imo katika mikataba ya Medicine Lodge waliyofanya na Wakiowa, Wakomanche na wengine mwaka 1867. Zaidi ya hapo, alipokwenda Washington Juni 1870 na kusomewa mkataba wote, alisema waziwazi kwamba mengi yaliyomo hakuyajua. Aliamini alikuwa ametia sahihi kuhusu ngome na amani. Sasa aliambiwa pia kuhusu mipaka, mashamba na kituo cha wakala, yaani ofisa wa serikali wa kuwasimamia na kuwagawia posho, kwenye mto Missouri. Alilirudia lalamiko hilo mbele ya umati wa New York, kwenye ukumbi wa Cooper Union, tarehe 16 Juni. Basi sifa ya Red Cloud haiwezi kuwa ya mwandishi wa sheria. Ni ya mtu aliyegundua amefungwa na karatasi asiyoielewa, kisha akatumia maisha yaliyobaki kujifunza ni wapi karatasi hiyo inamfunga mwenzake.

Tunda la kwanza lilikuwa mahali pa kukaa. Serikali ilitaka vituo vya posho viwe ukingoni mwa Missouri, kwa kuwa meli ya mvuke ilipunguza gharama ya kusafirisha unga na nyama. Kwa Waoglala, tawi la Walakota alilotoka Red Cloud, Missouri ilimaanisha kuwa mbali na nyati na karibu na pombe. Red Cloud alikataa. Mwaka 1871 kituo chake kikawekwa kwenye mto North Platte, mwaka 1873 kikahamia mto White, majira ya baridi ya 1877 wakapelekwa kwa nguvu kuelekea Missouri, na mwaka uliofuata wakawa Pine Ridge, ndani ya nchi yao, waliko wajukuu wao mpaka leo. Miaka minane ya mabishano kuhusu mahali pa kushushia magunia haimpi mtu sanamu, lakini ndiyo iliyoamua Waoglala wazikane wapi.

Tunda la pili lilikuwa posho. Mwishoni mwa 1874 Red Cloud alimkabidhi Othniel Marsh, profesa wa Yale aliyekuja kuchimba mifupa ya wanyama wa kale, sampuli za chakula kibovu kilichokuwa kikigawiwa watu wake. Mwaka 1875 Marsh alizipeleka Washington na magazeti yakalipuka. Tume ya uchunguzi iliundwa. Kabla mwaka haujaisha, kamishna wa mambo ya wenyeji Edward Smith na waziri wa mambo ya ndani Columbus Delano walikuwa wamejiuzulu. Wakati huo Sitting Bull na Crazy Horse walikuwa kaskazini, huru, wakiwinda, na heshima yao ni ya haki. Lakini hakuna kati yao aliyekuwa na njia ya kumng'oa waziri wa Marekani ofisini. Red Cloud aliipata kupitia mchimba mifupa.

Septemba mwaka huohuo ikaja tume ya Seneta Allison kununua Black Hills, ambako msafara wa Custer, ofisa wa jeshi la Marekani, ulikuwa umetangaza dhahabu mwaka 1874. Ilitoa dola milioni 6 kwa kununua, au kodi ya dola 400,000 kwa mwaka. Red Cloud alijibu kwa kudai matunzo ya watu wake kwa vizazi saba vijavyo. Wasomaji wengine huona hapo mtu aliyekuwa tayari kuuza, na hawakosei kabisa. Mimi naona mtu aliyekwisha kujua kwamba dola huisha na nyati wanaisha, akakataa kupanga bei kwa fedha. Tume iliondoka mikono mitupu.

Sasa tufike kwenye doa. Mwaka 1876 vita vilipozuka kaskazini, Red Cloud alibaki kituoni. Mwanawe Jack alikwenda na akapigana kwenye mto Rosebud, baba hakwenda. Baada ya Custer kuuawa Juni 25, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwezi Agosti: hakuna fedha ya chakula mpaka Black Hills zitolewe. Tume ya Manypenny ikafika Septemba na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Red Cloud aligusa kalamu. Oktoba askari wa Kanali Mackenzie wakaizunguka kambi yake alfajiri, wakanyang'anya farasi na bunduki, na Jenerali Crook akatangaza kwamba kuanzia sasa mkuu ni Spotted Tail, kiongozi mwingine wa Walakota. Mtu aliyedhaniwa amejisalimisha alinyang'anywa cheo kwa kutojisalimisha vya kutosha. Wanaomshutumu hawapendi kukaa hapo muda mrefu. Bado, sahihi yake ipo. Mwenye njaa hana miiko, lakini wapo walioishi na njaa ileile kaskazini na hawakuigusa kalamu.

Na jambo la 1877 ni baya zaidi. Crazy Horse alipojisalimisha Mei 6 na karibu watu 900, Red Cloud alikuwa mmoja wa waliokwenda kumleta. Ndani ya miezi minne, maofisa walikuwa wakimchukulia Crazy Horse kama mtu wa kutawazwa, na wivu ukaingia. Watu wa upande wa Red Cloud walikuwa miongoni mwa waliowapelekea maofisa maneno kwamba mgeni huyo ni hatari, na wapanda farasi Waoglala waliongozana na askari walipokwenda kumkamata. Alichomwa kwa singe Camp Robinson tarehe 5 Septemba. Anayemtetea Red Cloud, nami ni mmoja wao, hana namna ya kulisafisha hili. Mfumo wa vituo ulimfanya kila mkuu agombee kutambuliwa na wakala na jenerali, na ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Lakini waliokuwa ndani yake walikuwa watu wazima wenye hiari yao. Hapa upande wa mashtaka unashinda.

Ninachokataa ni kuufanya mwaka huo kuwa mwisho wa hesabu. Turudi kwenye sahihi za 1876. Tume ilikusanya kiasi gani? Karibu asilimia 10 ya wanaume wazima. Kifungu cha 12 kilidai 75. Bunge lilijua hivyo, likaifanya karatasi hiyo kuwa sheria tarehe 28 Februari 1877 hata hivyo, na zaidi ya ekari milioni 7 zikaondoka. Karatasi hiyo ya upungufu ilibeba pia ahadi moja ambayo Red Cloud hakuiachia tena: kila mtu apate kwa siku ratili moja na nusu ya nyama ya ng'ombe, yaani gramu 680, nusu ratili ya unga na nusu ratili ya mahindi, na kwa kila posho 100 ratili nne za kahawa, nane za sukari na tatu za maharage, mpaka watu waweze kujitegemea. Mkataba wa 1868 ulikuwa umeahidi chakula kwa miaka minne tu. Karatasi ya 1877 haikuweka mwaka. Vizazi saba vya 1875 havikuandikwa, ila muda ulibaki wazi, na huo ndio uliokuwa msingi wa madai yake kwa wakala Valentine McGillycuddy kuanzia 1879 hadi wakala huyo alipoondolewa mwaka 1886.

Madai hayo yalikuwa ya kiufundi kuliko yanavyoonekana. Ng'ombe wa posho waliletwa wakiwa hai na kupimwa wakati wa vuli, wakiwa wamenona. Waligawiwa mmoja mmoja majira yote ya baridi, wakiwa wanakonda malishoni, huku daftari likiendelea kuandika uzito wa vuli. Kufikia Machi, familia iliyoandikiwa posho kamili ilikuwa inapokea mifupa. Wakala hakuhitaji kuiba. Ratiba yenyewe iliiba. Mkuu anayelalamika kila mwezi kuhusu mizani anaonekana mlalamishi, na McGillycuddy alimwandika hivyo. Lakini asiyelalamika watoto wake walikonda na ng'ombe.

Kisha ikaja miaka ya kununua tena, na hapo robo tatu ilionyesha meno. Mwaka 1882 tume ya Edmunds iliahidi ng'ombe jike 25,000 na madume 1,000 kwa sehemu kubwa ya eneo lililotengwa, ikakusanya sahihi chache, na Baraza la Seneti likakataa kwa kuwa hazikufika robo tatu. Mwaka 1888 tume ya Pratt ikaja na bei ya senti 50 kwa ekari, ikashindwa. Mwaka 1889 bei ikapanda hadi dola 1.25 kwa ekari kwa miaka mitatu ya kwanza, senti 75 kwa miwili inayofuata, na senti 50 baadaye. Kukataa kwa mwaka mmoja kulikuwa kumeongeza bei ya ekari za mwanzo mara mbili na nusu. Bila kifungu cha 12, ardhi hiyo ingekwenda kwa ng'ombe wa 1882.

Mwaka 1889 serikali haikurudia kosa. Ilimtuma Crook, ambaye Walakota walimwamini kuliko jenerali mwingine. Alianza kituo cha Rosebud ambako upinzani ulikuwa hafifu, akachinja ng'ombe, akaruhusu ngoma, akaacha kuzungumza na mikutano mikubwa na kuwaita watu mmoja mmoja, na akaahidi kwamba posho haitapunguzwa. Red Cloud alisema hapana, na Pine Ridge ikamfuata kiasi kwamba karibu nusu ya wanaume hawakutia sahihi. Kwenye kituo cha Standing Rock, Sitting Bull alipinga, lakini wakala McLaughlin akamgeuza mkuu John Grass faraghani, na wengi wakafuata.

Jumla ilikuwa sahihi 4,463 kati ya wanaume 5,678. Nimerudi kwenye tarakimu hizi mara nyingi. Robo tatu ya 5,678 ni 4,258 na nusu, yaani walihitajika 4,259. Ziada ni sahihi 204. Taifa lilipoteza ekari zaidi ya milioni 9 kwa watu 204. Kama vituo vingine vyote vingekataa kwa kiwango cha Pine Ridge, sheria ingeanguka kwa zaidi ya elfu moja. Hata kama kituo kimoja cha ukubwa wa kati kingefanana na Pine Ridge, huenda ingeanguka. Mzee aliyekuwa anapoteza macho, aliyenyang'anywa cheo mara mbili, aliyeitwa mtu wa serikali, ndiye aliyekuwa na kituo kilichokaza zaidi kati ya vikubwa. Picha ya Red Cloud aliyelala haipatani na tarakimu hii.

Wiki chache baada ya Crook kuondoka, posho ilikatwa: ratili milioni 2 za nyama Rosebud na milioni 1 Pine Ridge. Pine Ridge ilikuwa na watu kati ya elfu tano na sita, hivyo ni kilo 75 hadi 90 kwa kila mtu kwa mwaka, au zaidi ya gramu 200 kwa siku, kutoka kwenye stahili ya gramu 680. Ongeza ng'ombe waliokonda. Ongeza surua na mafua makali yaliyofuata. Mwaka mmoja baadaye likaja vuguvugu la kidini la ngoma ya mizimu, kisha askari wakawaua Walakota kwa wingi huko Wounded Knee tarehe 29 Desemba 1890. Red Cloud, karibu kipofu, alichukuliwa na waliokuwa wakikimbia, akatoroka na kurudi kituoni kwa miguu kwenye theluji akiongozwa na binti yake.

Mkosoaji makini atasema: basi kifungu chako kilifaa nini? Mwaka 1877 kilipuuzwa, mwaka 1889 kilitimizwa kwa hila. Na anaweza kuongeza pigo kubwa zaidi. Mwaka 1903, katika kesi ya Lone Wolf dhidi ya Hitchcock, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikiangalia kifungu pacha, kile cha 12 cha Medicine Lodge, na ikaamua kwamba Bunge lina mamlaka ya kuvunja mkataba na mataifa ya asili likitaka. Kwa muda wa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Kwa jicho la 1903, Crazy Horse ndiye aliyekuwa sahihi: karatasi ni karatasi.

Lakini Walakota hawakuacha kudai. Sheria ya 1920 iliwaruhusu kushtaki, kesi ikafunguliwa 1923, ikatupwa 1942, ikafufuliwa mbele ya tume ya madai iliyoundwa 1946, ikazunguka mahakama, na tarehe 30 Juni 1980 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura nane dhidi ya moja kwamba kuchukuliwa kwa Black Hills kulikuwa kutwaa mali bila malipo ya haki. Mahakama ilibainisha kwamba Lone Wolf haiwezi kulinda utwaaji wa namna hiyo. Na hukumu iliirudia hesabu ileile: sahihi asilimia 10 mahali palipotakiwa 75. Aliyefanya hesabu hiyo iwe ya maana ni kila mwanamume aliyekataa kugusa kalamu mwaka 1876, wakiwamo wote waliokuwa kaskazini na Sitting Bull. Mahali ilipoandikwa kwamba kukataa kwao kuna uzito wa kisheria ni mkataba wa 1868, na mkataba huo ulipatikana kwa vita vya Red Cloud. Sioni namna ya kuwatenganisha hapa, na mashindano ya nani shujaa zaidi yanawadhulumu wote.

Fedha yenyewe inastahili kuchambuliwa. Thamani ya milima mwaka 1877 ilikadiriwa dola milioni 17.1, karibu mara tatu ya milioni 6 za Allison. Juu yake riba ya asilimia 5: dola 855,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kodi aliyoikataa Red Cloud. Zidisha kwa miaka 103 upate kama milioni 88, ongeza mtaji, jumla ni milioni 105 na ushei. Riba hiyo ni ya kawaida, haijumlishwi kwenye mtaji. Ingekuwa riba juu ya riba, deni la 1980 lingezidi dola bilioni 2.5. Na mgodi mmoja tu ndani ya milima hiyo, Homestake, ulitoa wakia kama milioni 40 za dhahabu, zaidi ya tani 1,200, hadi ulipofungwa mwaka 2002.

Makabila yalikataa kupokea. Fedha imebaki hazina ya Marekani ikizaa, na imepita dola bilioni 1, ilhali Pine Ridge ni miongoni mwa sehemu maskini kabisa za nchi hiyo. Wapo Walakota wanaosema zichukuliwe, watoto wale na wasome. Hoja yao si ya kudharauliwa, na inafanana na ya mzee wa 1876 aliyeiangalia kambi yenye njaa. Wengi wanajibu kwamba kupokea ni kuuza, na kwamba kuuza kunahitaji robo tatu.

Mahakama ingeweza kutoa fidia tu. Kurudisha ardhi ni kazi ya Bunge. Seneta Bill Bradley alipeleka mswada mwaka 1985 na tena 1987, wa kurudisha ekari kama milioni 1.3 za ardhi ya serikali kuu, bila kugusa mashamba ya watu binafsi wala Mount Rushmore, mlima uliochongwa nyuso za marais. Haukupita. Hundi bado haijachukuliwa, na kila baraza la kabila linaloikataa upya linasimama juu ya mkataba ambao Red Cloud alikuja kuutia sahihi baada tu ya ngome ya mwisho kuachwa.